Asteroidi: Jinsi wataalamu wanavyopima njia za mawe yanayopita jirani na Dunia

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa Januari 2025, vyombo vya habari duniani vilitangaza kuwa jiwe la angani lililopewa jina la 2024 YR4 lilikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 1 wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Wiki tatu baadaye, Februari 18, uwezekano huo ulipanda hadi asilimia 3.1, yaani nafasi 1 kati ya 32. Siku sita baada ya hapo ukaporomoka hadi asilimia 0.004, na habari ikaisha.

Katika siku hizo za wasiwasi, ukanda uliotajwa kuwa jiwe hilo lingeweza kuangukia ulianzia mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Bahari ya Atlantiki, sehemu za Afrika na Bahari ya Arabu, hadi Asia ya Kusini. Si ajabu basi kwamba wasomaji wengi waliuliza iwapo wanasayansi wanajua wanachokisema, au wanabahatisha tu.

Jibu ni kwamba hawabahatishi, na kwamba namba zile zilipanda na kushuka kwa kufuata kanuni. Makala haya yanaeleza jinsi mahali ilipo asteroidi angani panavyopimwa, jinsi njia yake inavyokokotolewa, na kwa nini taarifa ya kwanza hutisha kuliko ya mwisho.

Asteroidi ni nini?

Asteroidi ni mwamba unaolizunguka Jua kama zifanyavyo sayari, ila ni mdogo mno kuitwa sayari. Nyingi ziko katika ukanda ulio baina ya Mirihi na Mshtarii. Chache hutoka huko na kuingia katika njia zinazokaribia ile ya Dunia. Hizo ndizo huitwa asteroidi za jirani.

Kipimo kinachotumika ni umbali wa Dunia hadi Jua, ambao ni kilomita milioni 149.6. Asteroidi huhesabiwa kuwa ya jirani ikiwa sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua haizidi umbali huo mara 1.3. Iwapo njia yake inaweza kuikaribia njia ya Dunia kwa kilomita milioni 7.5 au pungufu, na ukubwa wake ni kuanzia mita 140 hivi, huingizwa katika orodha ya zile zinazoweza kuwa hatari.

Ya kwanza ya aina hiyo kugunduliwa ni Eros, iliyoonekana Berlin, Ujerumani, mwaka 1898. Mwezi Novemba 2025, idadi ya zinazojulikana ilipita 40,000.

Kimondo ni kitu tofauti kidogo. Ni jiwe ambalo tayari limeingia katika hewa ya Dunia na kuwaka, au lililokwisha kuanguka chini kama lile la Mbozi, mkoani Songwe. Jiwe la Mbozi lilianguka bila mtu yeyote kulipima likiwa njiani. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kuyaona mawe ya namna hiyo kabla hayajafika.

Nukta inayotembea

Kwa darubini, asteroidi haionekani kama jiwe bali kama nukta ya mwanga, sawa na nyota hafifu. Kinachoitofautisha na nyota ni mwendo. Nyota ziko mbali mno, hivyo katika picha za usiku mmoja hazibadilishi mpangilio wake. Asteroidi huhama.

Kwa sababu hiyo, vituo vya msako hupiga picha kadhaa za eneo moja la anga kwa kupishana dakika chache. Mradi wa ATLAS, wenye darubini Hawaii, Chile na Sutherland huko Afrika Kusini, hupiga picha nne za kila eneo katika muda wa saa moja hivi. Programu ya kompyuta hulinganisha picha hizo na kutafuta nukta iliyosogea kwa mstari mnyoofu. Ni darubini ya ATLAS ya Chile iliyoigundua 2024 YR4 tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya jiwe hilo kupita karibu na Dunia na kuanza kwenda zake.

Hatua inayofuata ni kupima nukta hiyo iko wapi. Anga imegawanywa kwa mistari inayofanana na longitudo na latitudo za ramani ya Dunia. Mtaalamu huchagua nyota zilizo katika picha ileile, ambazo mahali pake panajulikana, kisha hupima nukta iko umbali gani kutoka kwa kila moja. Nyota hizo ni kama mawe ya mipaka kwa mpima ardhi: zikiwa na kosa, ramani yote ina kosa.

Hapa ndipo chombo Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kilipoleta mageuzi. Kilirushwa mwaka 2013, kikafanya kazi hadi Januari 2025, na kimewapatia wataalamu mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa.

Kipimo chenyewe ni kidogo mno. Duara zima la anga lina nyuzi 360. Kila uzi una dakika 60 za pembe, na kila dakika ina sekunde 60. Sekunde moja ya pembe ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu ikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 5. Vituo vyenye vifaa bora hupima kwa usahihi ulio chini ya sekunde hiyo moja.

Saa nayo ni muhimu sawa na darubini. Asteroidi iliyo karibu hukimbia kwa kasi kubwa angani, hivyo picha isiyo na saa sahihi huiweka nukta mahali ambapo tayari haipo.

Vipimo vyote hutumwa kwenye Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, ambacho kimekuwa kikikusanya taarifa hizi tangu mwaka 1947. Kituo hicho ndicho hutoa jina la awali. Katika jina 2024 YR4, tarakimu za mwanzo ni mwaka, na herufi Y ni nusu ya pili ya Desemba. Herufi na tarakimu zinazofuata huonyesha zamu yake kati ya zilizoripotiwa katika nusu hiyo ya mwezi.

Mwelekeo bila umbali

Picha ya darubini humwambia mtaalamu asteroidi iko upande gani. Haimwambii iko mbali kiasi gani. Ni sawa na mtu aliyesimama ufukweni usiku akaona taa ya mtumbwi. Anaweza kuinyooshea kidole, lakini hajui kama ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali. Akiitazama kwa muda, huku naye akitembea kando ya ufuko, ndipo anapoanza kukisia umbali na mwendo wake.

Dunia nayo hutembea, tena kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde. Kwa hiyo vipimo vya usiku tofauti huchukuliwa kutoka sehemu tofauti za njia ya Dunia, na tofauti hizo ndizo hufichua umbali.

Aliyefungua njia ya hesabu hiyo ni Mjerumani Carl Friedrich Gauss. Tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi wa Palermo, Italia, aliiona Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa. Aliifuatilia kwa wiki chache, kisha ikapotea katika mwanga wa Jua. Hakuna aliyejua ingeibukia wapi. Gauss, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alibuni njia ya kukokotoa mzunguko kutokana na vipimo vichache, na mwisho wa mwaka huohuo Ceres ikapatikana karibu kabisa na pale alipoelekeza.

Hadi leo msingi ni uleule. Vipimo vitatu vilivyoachana vizuri hutosha kupata njia ya awali, ambayo huelezwa kwa namba sita. Mbili za kwanza ni ukubwa wa njia na kiasi ilivyorefuka, kwa kuwa njia hiyo si duara kamili bali duaradufu. Tatu zinazofuata zinaonyesha jinsi njia ilivyoinama na ilivyoelekea kwa kulinganishwa na ile ya Dunia. Namba ya sita inasema asteroidi ilikuwa sehemu gani ya njia hiyo kwa tarehe na saa fulani.

Namba hiyo ya sita ndiyo huamua usalama. Dunia huhama upana wake wote kwa muda wa dakika 7 tu. Njia mbili zinaweza kukatana kabisa, lakini jiwe likichelewa au kuwahi kwa dakika chache kwenye njia panda, hukuta Dunia haipo.

Ubora wa namba hizo hutegemea urefu wa muda wa kuifuatilia asteroidi. Iliyoonekana kwa siku chache hupotea kwa urahisi. Hermes, iliyogunduliwa mwaka 1937 ikipita karibu na Dunia, ilionekana kwa siku chache tu na haikupatikana tena hadi mwaka 2003, yaani baada ya miaka 66.

Kwa nini asilimia hupanda kabla ya kushuka

Kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na kosa, matokeo hayawi njia moja bali fungu la njia nyingi zinazokubaliana na vipimo vilivyopo. Kompyuta huchukua maelfu ya njia hizo na kuziendesha mbele kwa miaka mingi, ikizingatia mvutano wa Jua, sayari na Mwezi. Kisha huhesabu ni ngapi zinaishia kwenye Dunia. Kazi hiyo hufanywa kila siku na maabara ya JPL ya California, na pia na vituo vya Italia na vya Shirika la Anga la Ulaya, kila kimoja kwa hesabu zake.

Chukua mfano wa magunia 100 ya mahindi, na sarafu moja iliyofichwa ndani ya gunia mojawapo usilolijua. Uwezekano kwamba imo katika gunia lako ni asilimia 1. Unaanza kufungua magunia ya wengine, na sarafu haionekani. Ukishafungua 67, yamebaki 33 likiwemo lako, na uwezekano wako umepanda hadi asilimia 3. Hakuna aliyegusa gunia lako. Kilichopungua ni mahali pengine ambapo sarafu ingeweza kuwa. Gunia la 68 likifunguliwa na sarafu ikaonekana humo, uwezekano wako huanguka hadi sifuri mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa 2024 YR4. Kila kipimo kipya kilifupisha eneo ambalo jiwe lingekuwamo mwaka 2032, na Dunia ikaendelea kuwa ndani ya eneo hilo hadi vipimo vya mwisho vilipoiacha nje. Kupanda kwa asilimia hakukuwa na maana kwamba jiwe limebadili njia. Aidha, kushuka kwake hakukuwa kusahihisha uongo. Ni namna kazi hii inavyokwenda.

Apophis na siku za tsunami

Kisa kinachofahamika zaidi ni cha Apophis. Asteroidi hiyo iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 katika kituo cha Kitt Peak, Arizona, ikaonekana kwa usiku mbili kisha ikapotea. Ilipatikana tena Australia mwezi Desemba mwaka huo. Siku chache baadaye hesabu zikaonyesha kuwa ingeweza kuigonga Dunia mwaka 2029.

Tarehe 27 Desemba 2004 uwezekano huo ulifika asilimia 2.7, na Apophis ikapewa alama ya 4 katika kipimo cha Torino, chenye alama 0 hadi 10. Hakuna asteroidi iliyowahi kupewa alama ya juu zaidi ya hiyo. Hata hivyo, watu wachache walisikia. Siku moja kabla, tsunami ya Bahari ya Hindi ilikuwa imeua watu wengi barani Asia na kufika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, na macho ya dunia yote yalikuwa huko.

Kilichoondoa hofu hakikuwa darubini mpya bali kabati la picha za zamani. Wataalamu walipekua picha zilizopigwa Machi 2004, miezi mitatu kabla ya ugunduzi, wakaikuta nukta ya Apophis ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Muda wa vipimo ukarefuka ghafla, na hatari ya 2029 ikafutwa siku ileile.

Ilibaki shaka ya mwaka 2036, iliyoondolewa mwaka 2013, na ya 2068, iliyoondolewa Machi 2021 kwa msaada wa rada. Rada hufanya kile ambacho picha haiwezi: hutuma mawimbi, husubiri mwangwi, na hupima moja kwa moja umbali na kasi. Apophis ikiwa mbali kilomita milioni 17, umbali wake ulipimwa kwa kosa lisilozidi mita 150 hivi. NASA ilitangaza kuwa hakuna hatari kwa muda wa miaka 100 ijayo. Kazi hiyo ilitegemea antena ya Goldstone, California, kwani rada kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, ilikuwa imeporomoka Desemba 2020.

Joto linalosukuma jiwe

Kuna nguvu nyingine ndogo inayowasumbua wakokotoaji. Asteroidi hujizungusha. Upande uliopashwa na Jua hugeuka na kutoa joto hilo, na joto likitoka hulisukuma jiwe kidogo sana. Jambo hilo limepewa jina la mhandisi Ivan Yarkovsky, aliyelieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lilithibitishwa kwa vipimo mwaka 2003, kwa kutumia rada juu ya asteroidi Golevka.

Asteroidi Bennu, yenye upana wa mita 490 hivi, husogezwa na joto hilo karibu mita 284 kila mwaka. Ni umbali mdogo kuliko viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Lakini baada ya karne moja au mbili tofauti hiyo huamua kama jiwe litapita au litagonga. Kwa Bennu, uwezekano wa kuigonga Dunia hadi mwaka 2300 umekadiriwa kuwa 1 kati ya 1,750.

Sudan ilivyokuwa mfano

Je, hesabu hizi zimewahi kuthibitishwa kwa jiwe lililoanguka kweli? Zimethibitishwa, na ilikuwa hapa Afrika.

Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 2008 kwa saa za Afrika Mashariki, darubini ya Mlima Lemmon, Arizona, iliona nukta iliyopewa jina la 2008 TC3. Katika saa chache ilifahamika kuwa ingeanguka kaskazini mwa Sudan ndani ya saa 20 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa jiwe kuonekana na kutabiriwa kabla halijafika. Vituo 26 vilituma vipimo karibu 570.

Saa 11:46 alfajiri ya Oktoba 7, jiwe hilo lenye upana wa mita 4 hivi lililipuka juu ya Jangwa la Nubia, kilomita 37 kutoka ardhini, pale lilipotarajiwa. Hakuna aliyedhurika. Miezi miwili baadaye, Dk. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwenzake Peter Jenniskens waliwaongoza wanafunzi kutembea jangwani kwa safu, wakifuata mstari uliokokotolewa. Katika misafara hiyo vilikusanywa vipande zaidi ya 600. Viliitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita kwa Kiarabu, kwa kufuata kituo cha reli kilicho karibu na eneo hilo.

Kusukuma na kupima

Mwaka 2022 wanadamu walijaribu kwa mara ya kwanza kuibadili njia ya jiwe la angani. Tarehe 26 Septemba, chombo DART cha NASA kilijigonga kwa makusudi kwenye Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi linaloizunguka asteroidi kubwa zaidi, Didymos. Kabla ya hapo lilitumia saa 11 na dakika 55 kumaliza mzunguko mmoja. Baada ya kugongwa likatumia saa 11 na dakika 23. Dakika hizo zilipimwa kutoka Duniani, kwa kuangalia jinsi mwanga unavyofifia kila jiwe moja linapopita mbele ya jingine.

Funzo lililopatikana ni kwamba msukumo mdogo unatosha, ila utolewe miaka mingi kabla. Ndiyo sababu kupima mapema kuna thamani kuliko silaha yoyote.

Pengo ambalo halijazibwa

Asteroidi za jirani zenye upana wa kilomita moja au zaidi zimekwishapatikana kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini zenye mita 140 na zaidi, zinazokadiriwa kufika 25,000, hazijapatikana hata nusu yake. Bunge la Marekani lilikuwa limeiagiza NASA mwaka 2005 ipate asilimia 90 ya hizo kufikia mwaka 2020. Muda huo ulipita bila lengo kutimia.

Zilizo ndogo zaidi hufika bila taarifa. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na watu wapatao 1,500 wakajeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha. Lilitokea upande wa Jua, ambako darubini za ardhini hazioni. Matumaini yako kwenye darubini mpya ya Vera Rubin huko Chile, ambayo katika picha zake za kwanza za mwaka 2025 ilionyesha asteroidi mpya 2,104, saba kati yake zikiwa za jirani. Aidha, NASA inaandaa darubini ya angani iitwayo NEO Surveyor, itakayotafuta joto la mawe hayo badala ya mwanga wake.

Ijumaa ya Aprili 13, 2029

Wakazi wa Afrika Mashariki hawatahitaji kifaa chochote kuona matokeo ya kazi hii. Jioni ya Ijumaa, Aprili 13, 2029, Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita juu ya Bahari ya Hindi na kuelekea magharibi juu ya Afrika. Itaikaribia Dunia zaidi saa 6:46 usiku kwa saa zetu, ikiwa kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Ni karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni, ambazo huwa umbali wa kilomita 36,000.

Itaonekana kwa macho kama nyota ya kawaida inayosogea taratibu, iwapo mawingu ya masika yataruhusu. Mvutano wa Dunia utaipinda njia yake, na wataalamu watalazimika kuipima upya tangu usiku huohuo.

Kabla ya siku hiyo, bila shaka jumbe za kutisha zitasambaa katika simu. Msomaji atakapokutana na habari ya jiwe linalokuja, na aulize mambo matatu: limefuatiliwa kwa siku ngapi, uwezekano uliotajwa ni wa tarehe gani, na vituo vingine vinasema nini. Kwa Apophis majibu yapo: imefuatiliwa tangu 2004, imepimwa kwa rada, na vituo vyote vinakubaliana kwamba itapita.